Mwendo wa Nalwiyo

Iyula, Mbozi
3 Mei 1954

Dada yangu Tulinagwe,

Nakuamkia wewe pamoja na shemeji Watson. Huku tu wazima, isipokuwa Barnaba alishikwa na kikohozi cha baridi, nacho kimeanza kulegea. Leah sasa ananifika begani. Anapika, anachota maji, na jioni anawasomesha wadogo zake bila kuambiwa. Tusekile ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo kabla hajakaribishwa kiti. Kahawa ya juu imebeba vizuri, ya bondeni majani yamepata ugonjwa. Mahindi hayana neno. Shangazi wa Ileje anakusalimu, anasema miguu inamuuma lakini mdomo haumuumi.

Sasa nikupe habari ya kanisa. Mvua ya mawe ya mwezi wa tatu iliyapiga mashamba ya kambi ya Nalwiyo mpaka hakikubaki kitu, na daraja lao likachukuliwa na maji. Lori haliwezi kufika. Wagonjwa kule wanakula mara moja kwa siku. Kwa hiyo Mchungaji ametangaza kwamba baada ya mavuno tutakwenda kwa miguu, kila nyumba na mzigo wake kichwani: unga, maharage, chumvi, blanketi. Tutalala Mbozi Mission na kesho yake tushuke Nalwiyo. Wazee wasioweza kutembea wameambiwa wamtume mwenye miguu. Mzee Efraimu amemtuma Barnaba. Amesema mtoto akifika atampa debe zima la mahindi, akigeukia njiani atampa nusu debe na kumcheka mwaka mzima. Barnaba tangu siku hiyo anazunguka uani na jiwe kichwani, anajizoeza.

Nimeandikisha jina langu na majina ya watoto wote watatu.

Najua hupendi nimtaje Enesi katika barua. Lakini ni mke wangu, na huu ni mwaka wa nne yuko Nalwiyo anatibiwa ukoma, nami siwezi kukuandikia habari ya kambi ile kama vile sina mtu ndani yake. Watoto hawajamwona tangu alipoondoka. Nimeona huu ndio wakati, maana watakwenda pamoja na watoto wa wenzao, mchana, wakiimba, si kwa kujificha.

Kuhusu Elizabeti, barua yako niliisoma.

Msalimu shemeji. Mwambie jembe alilonipa bado lina makali.

Mdogo wako,
Danford


Mufulira, Rodesia ya Kaskazini
2 Juni 1954

Mdogo wangu Danford,

Salamu zako zimefika, ingawa zimechelewa. Yule dereva uliyempa barua aliugua Tunduma, ikakaa kwenye mfuko wa koti lake mpaka alipopona. Watson hajambo. Amehamishiwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Hapa kwenye kompaundi ya mgodi kuna vumbi na kelele, lakini maji yapo karibu na mboga zinapatikana. Nimefurahi kusikia Leah anakua. Mwambie asikate nywele mpaka nije.

Nije kwenye jambo lenyewe. Kupeleka chakula kwa wagonjwa ni kazi njema, nenda. Nenda wewe. Watoto uwaache kwa jirani yako Mama Ruti. Watoto wa nyumba ya baba yetu hawataingia mahali pale, Danford. Wakionekana kule, kesho nani atakuja kumposa Leah? Watu hawasemi mbele yako, wanasema kisimani.

Na kuna jambo lingine. Tusekile anajua kwamba mama yake amekufa. Nilimwambia mimi, mwaka ule nilipokuja kuwalea. Alikuwa na miaka miwili, kila jioni anakaa mlangoni analia, hali, halali. Nikamwambia mama amekufa, haji tena. Alilia siku chache, akanyamaza, akaanza kula. Leah na Barnaba niliwakataza wasimwambie vinginevyo. Wewe ulikuwa shambani kutwa, hukuona mtoto anavyokonda. Mimi niliona. Sasa usimfufue mtu ambaye mtoto amekwisha kumlilia.

Nilikuuliza juu ya Elizabeti, binti wa Mzee Lusubilo wa Ileje, ukanijibu kwamba barua umeisoma. Kwamba unajua kusoma nilikuwa ninajua. Yule ni mwanamke mtulivu, ana mikono ya kazi, na baba yake hana ugumu. Una miaka thelathini na sita. Utakula ugali uliopikwa na mtoto mpaka lini? Aliyeingia Nalwiyo hatoki. Nasema hivyo si kwa kumchukia Enesi. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nijibu upesi kwamba watoto hawaendi.

Dada yako,
Tulinagwe


Iyula
25 Julai 1954

Dada Tulinagwe,

Tu wazima, na wewe tunakuombea hivyo hivyo. Mahindi yote yamo ghalani. Kahawa ndiyo tunaichuma sasa, vidole vya kila mtu vimekuwa vyeusi.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata siku ya pili baada ya kurudi kutoka Nalwiyo. Niliisoma miguu yangu ikiwa ndani ya karai la maji ya chumvi. Basi uliyoyakataza yalikuwa yamekwisha kutendeka. Sikuandikii kukubishia, nakuandikia upate kujua yalivyokwenda, maana ukisikia kwa watu utasikia mengine.

Tulitoka alfajiri, baridi kali, umande umefika magotini. Mimi nilibeba unga, Leah maharage, Barnaba unga kidogo katika mfuko alioushona mwenyewe, na Tusekile karanga alizomenya kwa mikono yake. Tulikuwa watu wengi, wanaume mbele, wanawake wanaimba, watoto wanakimbia huku na huku kama hawana mizigo. Kila tulipopita watu walitoka majumbani. Mmoja alitupa viazi, mwingine maji, mwingine alituuliza kwa nini tunawalisha watu waliokwisha.

Mlima wa kwanza, Tusekile akaniuliza, "Baba, watu wa Nalwiyo wana watoto?"

Nikasema, "Wengine wanao. Mama yako yuko kule, naye ana ninyi."

Akatua mfuko wake chini katikati ya njia. "Mama yangu alikufa. Shangazi alisema."

Dada, mimi sikuwa najua. Nilidhani haulizi kwa sababu alikuwa mdogo alipoachwa. Nikamtazama Leah, Leah akatazama miguu yake. Mama Ruti, aliyekuwa nyuma yetu, akaanza kufunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimefunguka. Nikachuchumaa nikamwambia mtoto, "Hakufa. Anaumwa, anatibiwa."

Akauliza, "Sasa aliyezikwa ni nani?"

"Hakuzikwa mtu."

Akauokota mfuko wake akautia kichwani. Usiku, Mbozi Mission, alilala ameukumbatia.

Kesho yake tukashuka kwenye mto. Daraja hakuna. Vijana walifunga kamba kutoka ng'ambo hii hadi ile, tukavuka tumeishika. Barnaba aliteleza, unga wake ukaingia maji, akalia sana, akidhani Mzee Efraimu atampunguzia debe. Nikamwambia makubaliano yalikuwa kufika, hakuna aliyetaja ukavu. Akapangusa kamasi akaendelea.

Nikuambie na hili. Enesi nimekuwa nikienda kumtazama. Hukuniuliza, nami sikukuandikia. Yeye mwenyewe alinikataza nisiwapeleke watoto. Alisema, "Waache wanikumbuke nilivyokuwa." Kwa hiyo siku ile nilikuwa ninavunja amri ya wanawake wawili, ingawa ya kwako bado ilikuwa njiani.

Kambini kuna mfereji unaozunguka nyumba zao. Wageni hutua mizigo upande wa huku, wagonjwa wakaja kuipokea. Walikuja wengi, wengine na fimbo, wengine wazima kabisa kwa kuwatazama. Mzee mmoja asiye na vidole alitushukuru kwa niaba yao, kisha akatuomba tuimbe tena ule wimbo tuliokuja nao, kwa sababu walikuwa wameusikia tangu tukiwa mlimani na hawakuyapata maneno vizuri. Enesi hakutokea. Dresa Yonasi, mtu wa kule anayewapa dawa, akaenda kumwita, akarudi peke yake.

"Anasema amewaona kupitia dirishani. Anasema inatosha."

Leah akageuka kando akawa analia bila sauti. Barnaba akauliza kama tunaweza kwenda. Watu walikuwa wamekwisha kutua kila kitu juu ya majamvi, isipokuwa Tusekile. Yonasi alinyosha mkono apokee zile karanga, mtoto akarudi nyuma. "Hizi ni za mama." Tukambembeleza. Akakaa chini, kwenye ukingo wa mfereji, mfuko mapajani. Wenzetu wakaanza kuondoka. Mchungaji akaniambia kwa upole kwamba jua halingoji. Mtoto hakuinuka.

Ndipo Enesi akatoka. Alikuja taratibu, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Uso wake ni mzima, dada, ni uso ule ule. Ni mkono wa kushoto tu ndio vidole vimejikunja. Akasimama ng'ambo ya mfereji.

Tusekile akamwuliza, "Wewe ndiye Enesi?"

"Ndimi."

"Mbona umekaa sana?"

"Niliumwa, mwanangu. Bado kidogo."

Mtoto akamtazama Yonasi. Yonasi akasema, "Mpe mwenyewe, hakuna neno. Anakunywa vidonge mwaka wa tatu huu." Basi Tusekile akaruka mfereji. Sikumshika. Leah naye akaruka, na Barnaba nyuma yake. Walikaa wote wanne chini pale wakatafuna karanga. Sikusikia walichozungumza, maana nilibaki upande wangu. Mtu mwingine akikuambia kwamba nililia, ni kweli.

Yonasi anasema siku hizi wako wanaotoka. Si wote, lakini wako.

Mzee Efraimu amelipa debe zima, na juu yake ameongeza kibaba.

Danford


Mufulira
19 Septemba 1954

Danford,

Hujambo na watoto. Watson hajambo, anakohoa asubuhi tu. Joto limeanza. Nimepanda kunde nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wamezila zote.

Barua yako nimeipata. Juu ya mwendo wenu sina la kusema, mmekwisha kwenda na kurudi.

Nina swali. Ugonjwa wa Enesi ulianzaje? Nilipokuja kwenu ulikuwa umekwisha kujulikana, mwanzo wake sikuuona. Si kwa ajili yangu. Kuna mke wa jirani hapa kwenye kompaundi, anaulizia.

Usinijibu kwa dereva. Nijibu kwa posta.

T.


Iyula
24 Oktoba 1954

Dada yangu,

Sote wazima. Tunangoja mvua. Barnaba amefaulu mtihani wake, anaingia darasa la nne. Shangazi wa Ileje ameanguka kwenye majabali akateguka kiuno, lakini bado anaongea bila kupumzika.

Uliuliza ulianzaje. Ulianza na baka juu ya kiwiko, jekundu kidogo, halikuwasha wala halikuuma. Hapo ndipo tulipodanganyika, kwa sababu kitu kisichouma nani atakikimbilia? Tulilipaka mafuta ya mnyonyo. Baadaye vidole vikaanza kufa ganzi, akashika kaa la moto jikoni na kuligundua kwa harufu. Tukaficha mwaka mzima. Yonasi ameniambia waziwazi kwamba vidole vile vililiwa na mwaka ule tuliouficha, na kama Enesi angekuja mapema angekuwa na mikono yote miwili leo. Mwambie mke wa jirani yako asipake mafuta. Aende kwa daktari, na aende sasa.

Enesi amepimwa mara kadhaa tangu tulipokwenda, hawakuona vijidudu vya ugonjwa. Wakipima tena na visipoonekana, atarudi nyumbani kabla ya Krismasi. Sijawaambia watoto. Nimeanza kukandika ukuta wa jikoni, wao wanadhani ni kwa ajili ya mvua.

Mwandiko wako umebadilika, dada. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaandikia barua nusu ya watu wa kijijini kwetu, na herufi zako zilikuwa zimesimama kama askari. Hizi za safari hii zimelala. Barua yenyewe ni fupi, na kalamu imetoboa karatasi mahali pengi.

Huyo mke wa jirani jina lake nani?

Danford


Mufulira
5 Desemba 1954

Mdogo wangu Danford,

Jina lake ni Tulinagwe.

Nilipoipokea barua yako niliifungia sandukuni bila kuisoma. Nilijua utauliza, nilijua pia kwamba ukiuliza nitajibu, kwa hiyo niliona heri niiache. Juzi nilipika chai, nikaondoa birika motoni kwa mkono mtupu, nikalibeba mpaka mezani. Watson ndiye aliyepiga kelele. Mimi sikusikia chochote.

Baka la kwanza nililiona mwaka juzi, mgongoni, Watson hakuliona kwa sababu navaa blauzi hata nikilala. La pili liko kwenye mkono wa kulia. Vidole viwili vya mwisho havina habari. Nilipokuwa nakuandikia kwamba aliyeingia Nalwiyo hatoki, sikuwa nasema juu ya Enesi peke yake. Na nilipokuwa nakukazania uoe, nilifikiri kwamba mimi nikichukuliwa, watoto wako wabaki na mwanamke nyumbani. Sitaki unihurumie kwa hilo. Nataka tu ujue kwamba sikuwa na wazimu.

Baada ya lile birika niliifungua barua yako nikaisoma, kisha nikamwambia Watson yote. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu, kwa maana niliwaza ataniambia nitoke. Alikaa kitako. Kisha akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akapika ugali yeye mwenyewe, ukawa na madonge, tukala. Asubuhi alipotoka zamu hakulala, alikwenda kuuliza lori la kuja Tunduma. Amesema atanileta mpaka mpakani, halafu arudi, asije akapoteza kazi. Kuhusu kunifuata amesema nisimwulize, atakuja atakapopewa likizo.

Nakuomba mambo mawili. Unipokee Tunduma. Na usinipitishe Iyula. Nipeleke moja kwa moja Nalwiyo. Ikiwa Enesi amekwisha kurudi nyumbani, siwezi kusimama uani kwake. Nilimzika akiwa hai, mbele ya mtoto wake. Nitapata wapi uso wa kumtazama?

Mwandiko ndio huu. Ukishindwa kusoma mahali, ruka.

Dada yako,
Tulinagwe


Iyula
2 Januari 1955

Dada Tulinagwe,

Nimesoma yote, sikuruka mahali.

Uje. Nitakuwa Tunduma kuanzia tarehe kumi na saba, pale malori yanapokaguliwa. Nikikukosa siku ya kwanza nitakungoja ya pili, na ya tatu. Njia ya Nalwiyo haipitii Iyula, basi itakuwa kama unavyotaka. Kutoka barabara kuu tutakwenda kwa miguu na nitakubebea sanduku. Dresa Yonasi nimemwandikia, ana kitanda.

Enesi amerudi, tangu tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Alikuja na karatasi ya daktari, akaikunja akaiweka chini ya mto, hamwonyeshi mtu asipoulizwa. Wako majirani ambao bado wanapita njia ya mbali. Mama Ruti alikuja siku ya kwanza na kikapu cha maharage, akasimama uani kama mti, kisha akasema, "Nimechoka kusimama," akaingia ndani. Tusekile analala naye na asubuhi huamka kabla yake, anakaa anamlinda.

Habari yako nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Sijui anawaza nini, wala sitakuandikia neno ambalo hakulisema.

Mzee Lusubilo nimemjulisha kwamba nina mke.

Vaa nguo nzito, mpakani kuna upepo.

Danford


Nalwiyo
18 Julai 1955

Mdogo wangu Danford,

Natumaini homa imekuachia. Mimi sijambo. Vidonge vinanitia kizunguzungu asubuhi, lakini baka la mgongoni limefifia, Yonasi amenishikia kioo nikaliona. Kalamu nimeizungushia kitambaa ndipo inashikika. Hapa ninawaandikia wenzangu barua zao, wengi hawana mtu wa kuwaandikia, na mwandiko mbaya hawaujali. Watson alikuja mwezi wa tano. Alikaa siku nne, akatutengenezea mlango wa zahanati, akarudi.

Nakuandikia habari ya mwendo wa mwaka huu, kwa kuwa ulikuwa kitandani na homa, na Enesi namfahamu, ukimwuliza atasema walifika salama, basi.

Tuliwasikia wakiimba tangu mlimani. Wenzangu wote wakatoka. Mimi nilijua nani yumo, maana Yonasi alikwisha kuniambia kwamba nyumba yako imeandikishwa na kwamba atakayewaongoza watoto ni Enesi. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikajifunika blanketi mchana mweupe. Yonasi akagonga. "Mama, una wageni." Nikamwambia, "Waambie nimelala." Akasema, "Nitawaambia umesema umelala." Akaenda zake.

Nikasikia nyimbo zinakwisha, mizigo inatuliwa. Nikamsikia Barnaba akimweleza mtu kwamba safari hii unga wake ni mkavu. Nikasema moyoni, wataondoka sasa hivi, vumilia. Ndipo mlango ukasukumwa. Alikuwa Enesi, hakubisha hodi. Akautua mfuko wa unga pale mlangoni, akaja akaketi kitandani kwangu, na kigoda kipo.

"Wifi," akasema, "nimechoka. Njia ya mtoni imeharibika tena. Nipe maji."

Nikakaa. Nikamwambia, "Sina kikombe cha wageni. Ni hiki ninachonywea mimi."

"Nimeomba maji. Habari ya kikombe sikuuliza."

Nikachota nikampa. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe, akataka tena. Nikampa tena. Danford, tangu Januari nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia siku nitakayokutana naye, nimeyapanga kitandani na shambani, nayajua kama mtoto anavyojua somo la kukariri. Yote yakapotea. Nikaanza hovyo tu, "Wifi, mimi ndiye niliyemwambia Tusekile..."

"Najua," akasema. "Aliniambia mwenyewe mwaka jana, siku ile ya karanga. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya kuruka mfereji."

Kumbe alijua mwaka mzima. Alijua ulipompa habari yangu, alijua alipokuwa akichambua mchele, alijua akiwa na mzigo kichwani mlima kwa mlima. Nikamwuliza, "Na bado umekuja?"

Alikitazama kile chumba, ukuta, dirisha, ndoo, kama mtu anayekagua nyumba aliyowahi kukaa. Kisha akasema, "Inuka. Unga ukikaa mlangoni utaliwa na panya."

Nikainuka. Ulikuwa mzito, na mkono wangu wa kulia hauna nguvu, wala wake wa kushoto hauna. Yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukauingiza ndani. Watoto walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni.

"Mwamkieni shangazi yenu," akawaambia. "Leo tunalala hapa hapa kambini, kesho ndiyo tunarudi."

Dada yako,
Tulinagwe